Msiba wa Dakika Kumi na Mbili

Addis Ababa,
Jumatatu, tarehe 9 Megabit.

Mpendwa kaka yangu Gashaw,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba kwa jina la Bikira Maria uufunge mlango. Barua hii usimwonyeshe mtu, hata Bogale mnayelala naye chumba kimoja. Usimpigie dada yako simu ukishaisoma. Ukimaliza, ichome. Nyumbani tulikaa kikao tukakubaliana kwamba usiambiwe neno, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokubali. Wakijua nimeandika, sitakuwa na mahali pa kulala, na huenda hata kazi sitakuwa nayo, kwa sababu utakazoziona mbele.

Hujambo lakini? Kile kifua kilichokusumbua msimu wa baridi kimepona? Na mlango wa duka, mlifanikiwa kuutia vyuma? Redio ikitaja Afrika Kusini, mama yangu huacha anachokifanya akasikiliza mpaka mwisho. Yeye hajambo, ila goti. Mimi ni mzima. Niko dawati lile lile la ofisi ya wilaya, chumba cha utamaduni na sanaa, naandika vibali vya ngoma na vya filamu na kumpelekea mkuu atie saini. Mfungo umeanza, kwa hiyo ni shiro ya dengu mchana na shiro jioni.

Kuhusu Mama Mkubwa, uliambiwa ana mafua yasiyokwisha. Hana mafua. Kaka, mama yako anaamini kwamba umekufa.

Pumua kwanza, kisha uendelee. Nitakueleza yote kwa mpangilio, kwa kuwa nilikuwapo.

Unajua jinsi dada yako Fikirte alivyohangaika na filamu zake fupi. Ulipoondoka alikuwa amemaliza ile ya kwanza, ya wanawake wawili wanaoshikiana nafasi kwenye foleni ya mkate. Dakika saba. Ilionyeshwa katika ukumbi wa viti arobaini, wakaja watu kumi na mmoja, na wanne kati yao tulikuwa sisi. Mama Mkubwa alivaa gauni jipya. Taa zilipowaka alisema, "Fiki, mwanangu, nimepepesa jicho tu, imekwisha!" Watu wakacheka, na Fikirte mwenyewe akacheka.

Ya pili ilikuwa ya mume na mke wanaogombana mvua inapoanza. Aliipiga wakati wa kiangazi, mtaa mkavu kabisa, vumbi mpaka magotini, kisha akatia mvua kwa kompyuta. Mama Mkubwa alishangaa mno. Alikuwa akiwaambia wageni, "Mwanangu anaweza kunyesha mvua." Ya tatu haikumalizika. Kipaza sauti kilikuwa cha kuazima na mwenyewe alikichukua siku ya pili.

Miaka tisa kazi ndiyo hiyo. Alikuwa akizungusha filamu zake kwenye majumba ya sinema akiwa na kompyuta ndani ya mfuko wa unga wa teff. Mwenye jumba mmoja, mtu mnene mwenye maneno, alimwambia mbele yangu: "Dada, mtu akikata tiketi kwangu anataka apendwe, aachwe, halafu arudiwe. Dakika kumi na mbili, hata kuachwa hatujafika! Watu watakuwa bado wanagawana kolo za kutafuna." Ili ale, Fikirte akawa anapiga video za harusi. Baadaye alipiga zaidi za misiba. Familia nyingi siku hizi zina watu Amerika na Uarabuni wasioweza kuja kuzika, basi humwita na kamera yake, anapiga hema, wanaolia na jeneza, anawatumia. Mtaa mzima unamjua kwa kazi hiyo. Tafadhali likumbuke hilo unapoendelea.

Mwaka jana aliandika filamu ya nne. Aliiandika kwa kalamu kwenye daftari langu la ofisi, nami nikaisoma. Ni merdo tu, jinsi habari za kifo zinavyofichwa na kufikishwa kwa mfiwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa mama fulani amefia njiani kwenda ng'ambo. Mtaa mzima unajua, yeye hajui. Muuza maziwa anamtania, jirani anamwazima kisu, padri anamuuliza habari za kijana naye anajibu kwamba hajambo. Halafu alfajiri moja, kabla hajala kitu, wazee wanaingia nyumbani kwake bila kubisha, wamevaa netela, zile shali nyeupe, pindo likiwa limegeuzwa juu kwa ishara ya msiba. Filamu inakwisha pale anapowaona. Hakuna kinachosemwa zaidi.

Mama huyo alikuwa aigizwe na mwigizaji wa kweli, mwanamke anayetokea kwenye televisheni. Wiki moja kabla ya kupiga alijitoa, akaenda kwenye tamthilia ya vipindi mia moja. Kipaza sauti kilikuwa kimekwisha kuazimwa kwa siku mbili tu. Fikirte hakulia. Alikaa uani siku nzima akimtazama mama yake anavyochambua dengu.

Unaijua kanuni yake. Hampi mtu maandishi. Husema mwigizaji akijua kitakachotokea, uso wake unafika kabla yake.

Wazee aliwataka wa kweli, wa iddir yetu, chama cha maziko, kwa sababu waigizaji hawajui kuingia katika nyumba ya msiba. Gashe Degefu, ambaye bado ni mwenyekiti, alikataa mpaka aone barua ya serikali. Fikirte akaja ofisini kwangu. Mkuu alikuwa semina ya siku tano. Nilimwambia asubiri. Akaniambia, "Wewe unaogopa mihuri. Muhuri ni wino tu, Surafel." Nikamjibu, "Wino wa serikali." Lakini niliandika. Niliandika kwamba ofisi inaomba ushirikiano wa iddir kwa kazi ya kuelimisha jamii, nikagonga muhuri, na mahali pa saini ya mkuu nikaweka kijistari kisichosomeka. Nimekuandikia jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu.

Gashe Degefu aliisoma mara mbili, kisha akaanza mzaha. "Nimezika watu zaidi ya mia mbili, leo naambiwa niigize kuzika! Haya, nipakeni poda basi." Alidhani Mama Mkubwa Zenebech anajua anaigiza. Wenzake wawili pia walidhani hivyo. Mimi nilidhani hivyo hadi asubuhi ile ile, saa kumi na mbili na nusu, mwezi wa Hidar. Fikirte alinisimamisha mlangoni akanong'ona, "Mama hajui. Nimemwambia napiga picha ya kahawa. Ukimwambia, umeniua."

Nikaingia ndani. Mama Mkubwa alikuwa amepiga magoti akikaanga kahawa. Aliniona akasema, "Surafel, leo umeamka kabla ya kuku? Wanakufukuza kazi nini?" Nikacheka. Nikamwambia, "Bado, Mama Mkubwa, wananitafutia sababu." Akacheka na yeye. Kahawa ilikuwa haijaanza kutoa moshi. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno moja, na sikulisema.

Kazi yangu ilikuwa kushika ubao mweupe unaorudisha mwanga usoni. Fikirte alikuwa karibu nami, jicho kwenye kamera.

Wazee wakaingia. Hawakusalimu. Walikaa kwenye benchi kama walivyoelekezwa. Kisha Gashe Degefu alipaswa kusema jina la mama wa kwenye filamu na neno "jikaze", lakini ulimi ulikwenda ulikozoea miaka thelathini. Alisema, "Zenebech, jikaze."

Mama Mkubwa aliwatazama wazee, akatazama netela zao. Kisha akageuka akaitazama kamera. Fikirte aliniapia baadaye kwamba alikuwa ametegemea hilo: mama akiona kamera atajua ni mchezo. Kaka, kilichotokea ni kinyume chake. Aliiona kamera ya binti yake, kamera ile ile inayopelekwa kwa wenye misiba, akaelewa kwamba hata Fikirte alikwisha kujua, na kwamba anarekodi ili watu wa ng'ambo wapelekewe. Nilimwona akielewa.

Akauliza, "Gashaw wangu?"

Wazee waliinamisha vichwa, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa wafanye.

Sitakuandikia kilio chake. Wanawake wa jirani walikisikia, wakaja mbio wakilia hata kabla ya kuuliza ni nani. Vijana wa iddir wakaanza kushusha nguzo za hema. Gashe Degefu alikuwa bado hajatambua. Alinong'ona nyuma ya mkono wake, "Yesu, huyu mama alikuwa ameficha kipaji gani?" Alitambua pale paji la uso la Mama Mkubwa lilipogonga ukingo wa jiko na damu ikatoka. Alisimama akapiga kelele, "Zima! Zima, mwendawazimu wewe!"

Fikirte hakuzima. Nimeiona video, inaonyesha muda. Tangu mama yako alipotaja jina lako mpaka kamera ilipozimwa ni dakika nne na zaidi. Mkono wake haukutetemeka. Na mimi ubao sikuuangusha.

Tulimweleza hapo hapo. Sote, tukiwa tumepiga magoti. Gashe Degefu alimshika miguu akamwambia ni filamu, Gashaw yu hai, anauza dukani kwake. Alitusikiliza kwa utulivu. Kisha alisema, "Msinifanye mtoto. Mimi mwenyewe nilimficha Bizunesh habari za mumewe wiki tatu, nikicheka naye kila asubuhi." Ni kweli. Baba yangu alipofia barabara ya Moyale, Mama Mkubwa ndiye aliyeshika siri, na mimi nikiwa na miaka kumi na miwili niliambiwa nikanyamaza. Mama yangu alikuwa amesimama pale pale akisikia. Tangu hapo hatujazungumza juu ya jambo hilo, ila ananipakulia chakula akitazama pembeni.

Utakumbuka wiki ile ulipigiwa simu mara nne, na Fikirte akakutaka uwaeleze jinsi ulivyovunja chungu cha pombe ya tella siku ya ubatizo. Ulicheka ukauliza, "Mnanifanyia mtihani?" Mama Mkubwa alikusikiliza mpaka mwisho. Alikuambia, "Asante, mwanangu, Mungu akubariki na wazazi wako." Wewe ulidhani ni utani. Aliporudisha simu alisema, "Huyo kijana Fiki amemfundisha vizuri." Tulijaribu na ile simu ya picha, ukapunga mkono dukani. Akasema, "Mtu anayeweza kunyesha mvua hashindwi na hilo."

Fikirte alimwekea video yote tangu mwanzo, hata vipande vya kabla, wazee wakijaribu netela mbele ya kioo na Gashe Degefu akidai poda. Alimwambia, "Mama, tazama, wanacheka! Nani hucheka akileta merdo?" Mama Mkubwa alitazama hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akasema, "Umepiga vizuri. Ila hapo wanapocheka paondoe. Msibani hapachekwi."

Tangu siku hiyo anavaa nyeusi. Amekata nywele. Analala juu ya mkeka, anakula kiasi cha ngumi moja ya injera, na vidonge vya shinikizo la damu hataki. Anasema mwili umekwisha kazi yake. Daktari wa zahanati alinivuta pembeni baada ya Genna, Krismasi yetu. Alisema moyo umevimba na kwamba wanaofunga namna hii kwa hiari hawafiki mbali. Wiki iliyopita nilimbeba kumpeleka uani kuota jua. Kaka, nilimbeba kwa mkono mmoja.

Iddir ilikaa. Gashe Degefu hakutaka kutugusa, lakini wanachama wengine walisema nyumba iliyoita msiba wa uongo haitabebewa jeneza na chama. Kwa hiyo hata hilo hatuna. Wanataka pia barua yangu iletwe kwa mkuu ili aeleze. Gashe Degefu ameizuia mfukoni mwake. Ana miaka sabini na sita. Kila nisikiapo mlango wa ofisi ukifunguliwa, natazama viatu kwanza.

Sasa hili la mwisho, ambalo ndilo limenifanya niandike. Filamu imekubaliwa. Fikirte aliituma kwenye tamasha moja la Ulaya kabla ya Genna. Hakumwambia mtu. Jibu limekuja wiki iliyopita: wanamwalika, wanamlipia safari, na barua yao inamsifu mwanamke aliyeigiza kama mama, wanauliza amefanya kazi katika filamu gani nyingine. Miaka tisa aliingoja barua ya namna hiyo. Alinisomea akiwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na nyuma ya ukuta huo mama yake alikuwa akikohoa.

Nilimuuliza atafanya nini. Aliniuliza, "Surafel, wewe ungezima lini?" Akasema tena, "Nisipoipeleka, atakuwa amekufa bure. Nikiipeleka, nimemuuza." Alisema "atakuwa amekufa", kaka, kana kwamba limekwisha kutokea. Hapo ndipo nilipojua kwamba ndani ya nyumba hii hakuna tena anayepigania uhai wa mama yako. Wanangoja. Hata mama yangu ameanza kufua mashuka meupe.

Usimchukie dada yako. Au mchukie, sijui. Hapigi tena harusi wala misiba. Anakaa na ile video mbele yake, anaipeleka mbele, anairudisha nyuma, lakini haikati.

Najua karatasi yako ya ukimbizi ilivyo. Ukitoka hurudi, na miaka sita ya jasho inabaki kwa Bogale. Ndiyo maana kikao kilisema usiambiwe. Walisema bora tupoteze mmoja kuliko wawili. Nilikubali kwa sababu nilikuwa naogopa, na bado naogopa. Lakini mama yako hataamini sauti, wala picha, wala maandishi, wala kiapo cha padri, maana alijaribiwa kwa vyote. Kilichobaki ni mwili wako. Njoo, kaka. Njoo kabla ya Fasika, kabla mfungo wa Pasaka haujaisha.

Ukija, usije alfajiri. Ndege ikitua mapema, kaa uwanjani unywe chai hadi saa sita. Usitume mtu kutangulia. Usivae nguo nyeupe. Ingia mchana jua likiwa kali, kwa kelele, mgombane na dereva wa teksi langoni ikibidi, ili akusikie kabla hajakuona. Akikushika uso, usimwondoe mikono hata akikuumiza.

Ningekuletea salamu za nyumbani, lakini hakuna anayejua kwamba ninaandika. Pokea zangu tu. Msalimie Bogale bila kumwambia zimetoka wapi, na yule mama wa kanisani kwenu aliyekuuguza kifua. Mungu wa safari akufunike kwa kiganja chake, akupitishe mipakani bila kuulizwa, umkute mama yako anapumua.

Barua hii nimempa mwanamke anayekuja kwa mumewe huko. Usimpe jibu arudi nalo. Nyumbani usipige. Piga ofisini, namba nimeiandika ndani ya mkunjo wa bahasha, Jumanne au Alhamisi, kati ya saa nane na saa tisa, mkuu anapokuwa kikaoni. Akipokea mtu mwingine, sema unaulizia kibali cha muziki wa harusi, nitaitwa mimi. Niulize mara moja tu. Najua utakavyoisikiliza sauti yangu, ukitafuta kama nimekaliwa na wazee pembeni. Basi sikiliza ahadi yangu: kama ameshakufa, nitakuambia amekufa, kwa simu, saa hiyo hiyo, wewe ukiwa peke yako na bila mtu wa kukushika. Kwa hiyo nikikuambia yu hai, kakate tiketi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Surafel wa Bizunesh